Dondoo muhimu: Picha ya SimpleITK ikigoma kufunguka

Amri ya Show katika SimpleITK haichori picha yenyewe. Huihifadhi kwenye faili la muda, kisha huita programu nyingine iifungue. Kwa kawaida hutafuta Fiji au ImageJ. Zisipokuwepo, utaambulia ujumbe wa hitilafu, na kosa si la picha yako.

Ukipendelea ITK-SNAP au 3D Slicer, weka njia kamili ya programu hiyo kwenye kigeu cha mfumo SITK_SHOW_COMMAND kabla ya kuwasha Python. Aina ya faili huwekwa kwa SITK_SHOW_EXTENSION, mfano .nii. Hujui kinachokwama? Ongeza debugOn=True uone amri yenyewe iliyotumwa. Mimi huanzia hapo.

Kwenye seva ya mbali, dirisha hutafuta skrini ya seva, si yako. Hifadhi kwa WriteImage, lipakue faili, ulifungue kwako. Wengine hukimbilia Matplotlib. Sawa, ila ukigeuza picha kuwa safu ya NumPy, mpangilio wa x, y, z huwa z, y, x, na umbali kati ya vipande hupotea. Picha ya uti wa mgongo iliyobanwa hivyo kama chapati imewahi kunitisha bure.