Somo la Msimu: Bustani ya Jikoni Hutufunza Kuitunza Ardhi na Mto

Katika boma nyingi za Makueni na jirani zetu wa Kitui, bustani ya mboga huwa karibu na jikoni, mahali ambapo maji yaliyosuuzia mboga yanaweza kumwagwa bila kwenda mbali. Huwa na sukuma wiki, kunde, mchicha, labda mlenge unaotambaa kwenye ua. Wengi wetu huipima kwa pesa tunazookoa sokoni. Somo hili linaitazama bustani hiyo kama darasa. Jamaa inayolima pamoja hujifunza kuhesabu mvua, kuujua udongo na kuwatambua wadudu. Hatimaye hujua pia kwamba uhai wa bustani yake unategemea mto ulio bondeni.

1. Mvua huhesabiwa kwa lita

Eneo letu ni kame. Tuna misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na wakulima wa Ukambani hutegemea zaidi ule wa pili. Kwa hivyo kila tone lina thamani.

Kumbuka kipimo hiki: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mabati lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 5 lina mita 40 za mraba. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu yake, huleta lita 400, yaani mitungi 20 ya lita 20, ukiacha kiasi kidogo kinachopotea. Mpe mtoto kopo lenye kuta zilizonyooka na rula, aliweke mahali pa wazi, apime kila asubuhi baada ya mvua na kuandika daftarini. Baada ya msimu mmoja, jamaa itaongea juu ya mvua kwa hesabu, na itaona hasara ya paa lisilo na mfereji wa kuteka maji.

2. Udongo ni mali iliyo hai

Ng'oa mche mmoja wa kunde au ndengu uliokomaa kiasi, taratibu, usikate mizizi. Utaona vinundu vidogo. Kipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, bakteria waliomo wanafanya kazi ya kuchukua naitrojeni kutoka hewani na kuulisha mmea. Ndiyo sababu wazee wetu walichanganya mahindi na kunde au mbaazi katika shamba moja. Mabaki ya mimea hiyo yakirudi ardhini, udongo hupata chakula. Yakichomwa, sehemu kubwa ya chakula hicho hupotea na moshi.

Mashimo ya zai nayo yanafaa sana kwetu. Chimba shimo la futi 2 kila upande na futi 2 kwenda chini. Weka udongo wa juu kando, mbali na ule wa chini. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri, uurudishe shimoni, na uache nafasi juu ili maji yasimame. Njia hii ilitoka kwa wakulima wa ukanda wa Saheli. Mmoja wao, Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso, aliigeuza ardhi iliyoonekana imekufa kuwa shamba na msitu, na mwaka 2018 akapewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood.

3. Mlenge na nyuki

Mlenge una maua ya kiume na ya kike kwenye mmea mmoja. Ua la kike utalijua kwa kitunda kidogo kilicho chini yake. Bila nyuki wa kubeba chavua kutoka ua moja hadi jingine, kitunda hicho hugeuka manjano na kuanguka. Maua hayo hufunguka asubuhi na mapema, na ndipo nyuki hufanya kazi. Anayepulizia dawa ya wadudu saa hizo huwaua wafanyakazi wake mwenyewe, na pengine wale wa jirani mwenye mizinga. Ikiwa ni lazima kupulizia, fanya hivyo jioni, ufuate maagizo yaliyo kwenye pakiti.

4. Bustani huanzia mtoni

Wakati wa kiangazi paa halileti kitu. Maji ya bustani hutoka kwenye visima vinavyochimbwa ndani ya mchanga wa mto. Mito yetu mingi huonekana mikavu miezi mingi ya mwaka, kumbe maji yamo chini. Mchanga huyashika katikati ya chembe zake, na jua haliyafikii kwa urahisi. Kwa msingi huo, jamii za Kitui na Makueni zimejenga mabwawa ya mchanga. Huko Kitui, shirika la SASOL limefanya kazi hiyo pamoja na wenyeji tangu miaka ya 1990.

Mchanga ukichimbwa hadi mwamba, mafuriko hupita bila kusimama. Maji ya Thwake huingia Athi, na Athi huishia Bahari Hindi karibu na Malindi. Visima hukauka, na anayetembea mbali zaidi na mtungi mara nyingi ni mama au msichana wa shule.

Ni kweli kwamba lori moja la mchanga linaweza kulipa karo ya muhula. Mzazi aliyebanwa hapaswi kudharauliwa. Lakini pesa hizo huja mara moja, na kisima kilichokuwa kikinywesha mboga kila wiki hakirudi upesi. Mizozo ya mchanga pia imegharimu maisha ya watu katika kaunti yetu. Ndiyo maana mwaka 2015 Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga. Sheria hiyo hupata nguvu mkaazi anapoona uhusiano kati ya lori lililo mtoni na sahani ya mboga mezani.

5. Tumewahi kufaulu

Katika miaka ya 1930, Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, ilitajwa kama mfano wa ardhi iliyoharibiwa na mmomonyoko. Mwaka 1994, watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na bado ardhi ilikuwa inatunzwa vizuri zaidi. Sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na vikundi vya mwethya, kwa jembe na beleshi, vikichimba makinga maji ya fanya juu. Jina hilo la Kiswahili sasa linatumiwa na wataalamu wa udongo katika nchi nyingi.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Paa letu lina mita ngapi za mraba? Mvua ya milimita 20 ingetupa mitungi mingapi?
2. Ni wadudu gani watatu tunaowaona bustanini, na ni yupi anayetusaidia?
3. Maji ya bustani yetu hutoka wapi mwezi wa Septemba? Nani huyateka, na hutembea kwa muda gani?
4. Kina cha kisima chetu cha mtoni kimebadilika vipi tangu babu na nyanya walipokuwa vijana? Waulize wao wenyewe.

Mashimo ya zai na mifereji ya paa yafaa kuwa tayari kabla ya mvua ya Oktoba. Kwa ushauri zaidi, mwone afisa wa kilimo wa wadi yako.