Jiji Linapoomba Fedha za Dharura: Somo kutoka Los Angeles

Tarehe 22 Septemba 2015, Meya wa Los Angeles nchini Marekani, Eric Garcetti, akiwa pamoja na baadhi ya madiwani, alisimama nje ya ofisi za jiji na kutangaza kwamba tatizo la watu wasio na makazi limefikia kiwango cha dharura. Iliahidiwa dola milioni 100. Watu waliokuwa wakizungumziwa hawakuwa mbali: baadhi yao walilala kwenye nyasi za ofisi hiyo hiyo, na mtaa wa Skid Row, wenye mahema yaliyopangana kando ya barabara, uko mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo. Jambo moja halikuelezwa siku hiyo, nalo ni kifungu cha bajeti ambamo fedha hizo zingetoka.

Tangazo la hali ya dharura halileti fedha lenyewe. Linachofanya ni kuipa mamlaka ya mji ruhusa ya kufupisha taratibu za ununuzi, vibali na matumizi ya majengo, na kuipa sauti ya kuomba msaada ngazi ya juu. Los Angeles iliomba. Gavana wa California wakati huo, Jerry Brown, hakukubali kutangaza dharura ya jimbo zima kwa ajili ya suala hilo. Jiji likabaki na njia moja kubwa, ambayo ni kuwaendea wananchi wenyewe.

Novemba 2016 wapiga kura waliidhinisha kwa zaidi ya theluthi mbili hati fungani ya dola bilioni 1.2, iliyojulikana kama HHH, kwa lengo la kujenga makazi yapatayo 10,000 katika miaka kumi. Hati fungani ni mkopo, na mkopo huo unalipwa kupitia kodi ya majengo na ardhi. Fedha zake ziliruhusiwa kujenga tu. Hazikuweza kumlipa mshahara mhudumu wa afya ya akili, wala kumsaidia mpangaji aliyeingia na funguo mkononi lakini bila chochote kingine. Msomaji anayefuatilia bajeti za halmashauri atalitambua tatizo hili mara moja: zahanati imejengwa na kupakwa rangi, mganga hajafika. Kwa sababu hiyo Machi 2017 wapiga kura wa kaunti waliongeza robo asilimia katika kodi ya mauzo ili kugharimia huduma. Kaunti ndiyo yenye dhamana ya afya na ustawi wa jamii, jiji likishughulikia mitaa na vibali vya ujenzi, na mtu anayelala barabarani huwahitaji wote wawili kwa wakati mmoja.

Ujenzi ulikwenda polepole. Jengo la kwanza lililogharimiwa na HHH lilifunguliwa zaidi ya miaka mitatu baada ya kura. Mkaguzi wa jiji, Ron Galperin, alionya mara kadhaa kuhusu gharama, kwani wastani wa makazi mamoja ulipita dola 500,000, na mwaka 2022 alitaja mradi mmoja uliokaribia dola 837,000 kwa kila makazi. Kila mradi ulihitaji kuunganisha vyanzo kadhaa vya fedha, kila chanzo na masharti yake, na muda wa kuyatimiza ulikuwa ni gharama. Wakati huo kodi za nyumba zilizidi kupanda na kuwasukuma wengine barabarani. Hesabu ya mwaka 2020 ilikuta watu 41,290 wasio na makazi jijini. Ya mwaka 2023 ikakuta 46,260.

Karen Bass alipoanza kazi ya umeya tarehe 12 Desemba 2022, jambo lake la kwanza lilikuwa kutangaza dharura upya. Safari hii tangazo lilifuatwa haraka na vitendo. Siku chache baadaye alitoa agizo kwamba maombi ya kujenga nyumba za gharama nafuu yaamuliwe ndani ya siku 60. Januari 2023 baraza liliidhinisha dola milioni 50 katika akaunti ya dharura, ili watu waanze kuhamishwa kutoka kwenye mahema kwenda hotelini. Mwaka wa fedha wa jiji hilo huanza Julai 1, kama wa Tanzania, na kwa dharura iliyotangazwa Desemba, kusubiri Julai kungekuwa kusubiri muda mrefu mno.

Hesabu za mwaka 2024 na 2025 zilionesha kupungua, hadi watu 43,699. Lakini Machi 2025 ukaguzi ulioamriwa na mahakama ya shirikisho, ukiangalia takriban dola bilioni 2.3, ulibaini kwamba kumbukumbu zilikuwa dhaifu kiasi cha kutowezesha kufuatilia ipasavyo fedha zilikokwenda na huduma zilizopatikana. Kasi iliyoruhusiwa na dharura haikuwa imeambatana na daftari linalosomeka. Mwezi uliofuata Bodi ya Wasimamizi wa kaunti ilipiga kura kuondoa zaidi ya dola milioni 300 kutoka wakala wa pamoja wa jiji na kaunti, uliokuwepo tangu 1993, na kuzipeleka katika idara yake mpya.