Samweli Alijua Mahali Eli Analala

Somo: 1 Samweli 3:1–18

Jumapili iliyopita tulitangaza kwamba kanisa linatafuta walezi wa kujitolea, watu wa kukaa na watoto wa shule saa moja kila Jumamosi, na mikono mingi iliinuka. Nilifurahi. Lakini nina ombi kabla hujajaza fomu: kama huwezi kukaa na mtoto mwaka mzima, tafadhali usianze.

Najua mchungaji hatarajiwi kuongea hivyo. Hebu tuone Neno kwanza.

Samweli alikuwa mtoto anayelelewa mbali na kwao, kule Shilo. Usiku akasikia anaitwa, akakimbia kwa Eli. Eli akamwambia hakumwita, akalale. Akaja tena. Mara ya tatu ndipo mzee akatambua kwamba anayemwita mtoto ni Bwana, akamfundisha namna ya kuitika. Tumezoea kuhubiri masikio ya Samweli. Leo mwangalie Eli. Alikuwa mzee, macho yamefifia, na sura ya 2 haifichi habari za wanawe walioharibika. Hakuwa mfano mzuri wa baba. Lakini alikuwa anapatikana. Mtoto alijua mzee analala wapi, na alijua anaweza kumwamsha mara tatu kwa usiku mmoja na asifukuzwe. Kulipokucha Samweli alikuwa na habari mbaya ya kumwambia, tena habari inayomhusu Eli mwenyewe, na bado akamwambia yote.

Jiulize ni mtoto gani anaweza kukuambia wewe habari mbaya.

Pita Soko la Toi jioni watoto wakitoka shule. Utawaona wamekaa juu ya robota la mitumba, daftari magotini, mama anaita wateja. Mama huyo si mzazi mbaya. Ametoka Kibera au Kawangware asubuhi na mapema, na soko lenyewe limeungua 2019, likaungua tena 2024, na kila mara watu wameanza upya na madeni. Hata Samweli alikuwa na mama. Hana alimshonea kanzu ndogo kila mwaka na kumpelekea. Kwa hivyo mlezi si mzazi wa pili. Kazi yako ya kwanza ni kwenda pale kibandani, umsalimie mama kwa jina la mtoto wake, umwambie wewe ni nani. Yeye akikataa, imekwisha.

Walimu nao wamelemewa. Serikali ilipoondoa karo ya shule za msingi 2003, wazazi walifurika malangoni, pale Olympic ikawa habari ya magazeti. Ilikuwa baraka, lakini mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kumjua kila mtoto. Na sasa mtoto wa Gredi ya 9 anatakiwa kuchagua njia moja kati ya tatu: sayansi na hisabati, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Ana miaka kama kumi na nne hivi! Anahitaji mtu mzima wa kufikiria naye. Si wa kumchagulia. Eli hakumwambia Samweli Bwana atasema nini. Alimwonyesha tu namna ya kusikiliza.

Sasa nirudie ule mwaka. Mimi nilisomea biashara, na huko tulifundishwa kuuliza hasara iko wapi kabla ya kuuliza faida. Watafiti wawili wa Marekani, Jean Grossman na Jean Rhodes, walichapisha mwaka 2002 matokeo ya kufuatilia vijana zaidi ya 1,000 waliopewa walezi wa kujitolea. Waliokaa na mlezi mwaka mmoja au zaidi ndio walionufaika zaidi. Lakini wale ambao uhusiano ulivunjika ndani ya miezi mitatu walishuka: walijiona hawana thamani kuliko mwanzo. Mlezi aliyekimbia alimwacha mtoto vibaya kuliko alivyomkuta.

Watu wa chama wanaelewa hili haraka. Anayechanga wiki tatu halafu anazima simu anaumiza kuliko ambaye hakujiunga.

Msichana mmoja hapa sokoni aliniuliza, siku ya kwanza tu, "Na wewe Pasta, utakuja hadi lini?" Walishakuja watu wengine wakapiga picha, wakaahidi, wakapotea. Nilimwambia tarehe. Mtoto anataka tarehe, kwa hivyo na wewe utampa yako.

Wauza nguo mnajua kamera na fagia. Kamera ni zile za kwanza, safi. Fagia ni mabaki. Wengi wetu tunataka kuwapa watoto fagia ya wiki, ile saa iliyobaki baada ya mpira na saluni. Chagua saa yako ukiwa bado na nguvu.

Utaratibu ni huu. Tunakutana ukumbini, milango wazi, watu wazima wengine wakiwepo. Hakuna mtoto kuja nyumbani kwako, hakuna jumbe za usiku. Kila mlezi alete cheti cha tabia njema kutoka DCI. Ni shilingi elfu moja na kitu, na hata mimi nimetoa changu. Asiyetaka kukaguliwa asitushawishi kwa maombi marefu. Usimpe mtoto pesa, maana ukimpa, siku huna ataogopa kuja, au mama atadhani unanunua kitu. Na ongea kidogo. Muulize wiki yake imekuwaje, kisha nyamaza.

Kama una watoto wako na hujawasikiliza tangu Januari, anza nao. Habari za wana wa Eli ziliandikwa kwa ajili yetu.

Fomu ziko ofisini. Chukua moja, kaa nayo nyumbani wiki nzima, uongee na mume au mke wako, halafu uirudishe Jumapili ijayo. Na wewe ambaye mwaka ni mrefu, tunahitaji mtu wa kupika chai na wawili wa kupanga viti Jumamosi saa tatu. Hao wanaweza kubadilishana.