Bundi na Shahidi Wake

Jua likiisha kushuka, ndege wengi hulala, lakini bundi huamka. Katika Kongo mna bundi wa namna nyingi. Mmoja wao, bundi wa uso mweupe, hupenda kukaa karibu na watu: katika mnara wa kanisa, juu ya dari, au katika shimo la mti mkubwa. Uso wake una umbo la moyo. Mgongo wake una rangi ya manjano na ya majivu. Urefu wake ni karibu sentimita 35.

Masikio yake hayaonekani, maana yamefunikwa na manyoya. Sikio moja liko juu kidogo kuliko la pili. Kwa hiyo bundi hujua sauti inatoka wapi, hata aweza kumkamata panya katika giza kabisa, kwa kusikia tu. Tena manyoya ya mabawa yake ni laini, hayafanyi kelele. Panya hasikii kitu mpaka kucha zimemshika.

Jike hutaga mara nyingi mayai 4 mpaka 7, wala hajengi tundu. Huyaatamia karibu siku 30, na dume humletea chakula.

Sauti ya bundi huyu ni kali, kama kitambaa kinachopasuliwa. Kwa sababu hii watu wengi humwogopa. Husema: «Ni mjumbe wa wachawi, amekuja kuita kifo.» Basi humtupia mawe na kuvunja mayai yake.

Lakini kabla ya kuhukumu, yafaa kumsikiliza shahidi. Shahidi wa bundi yuko chini, pale anapolala. Bundi humeza panya mzima. Nyama husagika tumboni. Mifupa na nywele havisagiki, naye huvitapika pamoja kama kidonge cheusi. Vunja kidonge hicho kwa kijiti: utaona meno ya panya, mifupa midogo, pengine mafuvu mawili au matatu. Panya hao walikuwa wakila mahindi ya nani?

Mtu akimwua bundi, anawaokoa panya. Hata sumu ya panya yaweza kumwua bundi, akimla panya aliyeilamba.

Maulizo
1. Bundi humkamataje panya gizani?
2. Katika kidonge cha bundi mna nini?
3. Mwenzako ameokota jiwe ili ampige bundi. Utamwambia nini?