Negativu za Zamani: Skana Gani Inafaa?

Bahasha ya negativu iliyokaa kabatini miaka mingi ikitoa harufu kama ya siki, filamu hiyo imeanza kuoza. Uozo huo hautibiki. Ikishajikunja na kupasuka, picha ya marehemu babu imekwenda. Zenye harufu ndizo za kuskaniwa kwanza.

Kwa familia nyingi, skana bapa ya mezani yenye taa kwenye kifuniko, kama Epson V600, inatosha. Ile ya kawaida ya ofisini haifai, kwa kuwa haina taa ya kupenya filamu. Mnunuzi asiamini sana nambari iliyo kwenye boksi: Epson V850 imeandikwa nukta 6,400 kwa inchi, ilhali waliyoipima huipata takriban 2,300. Hata hivyo, kiwango hicho kwa negativu ya milimita 35 hutoa picha safi inayokaribia ukubwa wa A4.

Skana ya silinda ni mtambo mwingine kabisa. Filamu hubandikwa kwa kimiminika maalum kwenye silinda angavu inayozunguka kwa kasi, na mirija ya kunasa mwanga huisoma nukta baada ya nukta, hata penye giza zito la slaidi. Vipuri vyake ni adimu na huduma yake ni ghali. Inafaa kwa picha moja ya kupanuliwa ijaze ukuta, si kwa bahasha nzima ya picha za harusi.

Baada ya kuskani, negativu zisitupwe. Zihifadhiwe mahali pakavu penye ubaridi, zenye harufu zikitengwa na nyingine.