Mto, Pamba na Kura: Sehemu ya Pili ya Mississippi

Katika nchi ya Marekani kila jimbo hupeleka wajumbe katika Baraza la Wawakilishi mjini Washington, na hesabu ya wajumbe hao hufuata wingi wa watu. Kila baada ya miaka 10 watu huhesabiwa, kisha mipaka ya sehemu za uchaguzi huchorwa upya, ili kila mjumbe asimamie watu walio karibu sawa kwa idadi. Jimbo la Mississippi, lililo upande wa kusini, lina wajumbe 4 tangu mwaka wa 2003. Kwa hesabu ya mwaka wa 2020, kila mmoja alipaswa kusimamia watu wapatao 740,000.

Yafaa msomaji aelewe ya kuwa mipaka hiyo kwa kawaida huchorwa na baraza la kutunga sheria la jimbo lenyewe. Mstari mmoja katika ramani waweza kuwapa watu sauti, na mstari mwingine waweza kuwanyang'anya, ijapokuwa hakuna aliyezuiwa kupiga kura. Historia ya Sehemu ya Pili ya Mississippi yaonyesha jambo hilo waziwazi.

NCHI ILIVYO

Sehemu hii yafuata ukingo wa mashariki wa mto Mississippi, kutoka wilaya ya Tunica kaskazini hadi wilaya ya Wilkinson kusini. Ndani yake mna miji ya Clarksdale, Greenwood, Greenville, Vicksburg na Natchez, na sehemu kubwa ya Jackson, mji mkuu wa jimbo. Hata hivyo eneo kubwa ni mashamba na vijiji.

Moyo wake ni nchi tambarare iitwayo Delta. Ingawa yaitwa hivyo, si mahali mto unapoingia baharini. Ni bonde lililo kati ya mto Mississippi na mto Yazoo, lenye urefu wa maili zipatazo 200, kutoka karibu na mji wa Memphis hadi Vicksburg. Kwa maelfu ya miaka mafuriko yaliacha humo tope jeusi lenye rutuba nyingi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka wa 1865, sehemu kubwa ya Delta ilikuwa bado msitu na kinamasi. Watu weusi, waliokuwa wametoka utumwani, ndio waliofanya kazi kubwa ya kukata miti, kuchimba mifereji na kuinua matuta marefu ya udongo ya kuzuia maji.

Matuta hayo hayakutosha sikuzote. Tarehe 21 Aprili, 1927, tuta lilibomoka mahali paitwapo Mounds Landing, juu ya Greenville, na maji yakafunika nchi. Maelfu ya watu weusi waliishi kwa muda mrefu juu ya tuta, wakilazimishwa kufanya kazi. Mwaka uliofuata Serikali ya Marekani ilitunga sheria ya kujitwalia kazi ya kuzuia mafuriko ya mto huo.

Zao kubwa lilikuwa pamba. Mkulima asiye na ardhi alilima shamba la tajiri na kugawana naye mavuno. Mbegu, chakula na nguo alikopa kwa tajiri huyohuyo, na mara nyingi mwisho wa mwaka alijikuta angali mdeni. Mwaka wa 1944 mashine ya kuchuma pamba ilionyeshwa katika shamba la Hopson karibu na Clarksdale, na baada ya hapo kazi ya mikono ilipungua sana. Watu wengi wakahamia Chicago na miji mingine ya kaskazini. Siku hizi pamba hupandwa pamoja na soya, mahindi na mpunga, na samaki aina ya kambare hufugwa katika mabwawa.

KURA ZILIPOPATIKANA NA KUPOTEA

Baada ya vita, watu weusi walipata haki ya kupiga kura. Katika mwaka wa 1870 Hiram Revels wa Mississippi alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuingia Seneti ya Marekani. Mwaka wa 1872 John R. Lynch wa Natchez, aliyezaliwa utumwani, alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi.

Wapinzani wao walitumia kwanza nguvu. Uchaguzi wa mwaka wa 1875 ulijaa vitisho na mauaji. Kisha wakatumia ramani. Mwaka wa 1876 walichora sehemu moja nyembamba ndefu kando ya mto, ikapewa jina la kamba ya kiatu. Wapiga kura wengi weusi walikusanywa humo, ili sehemu nyingine zote zibaki mikononi mwa weupe. Lynch aliondoka katika Baraza kwa mara ya mwisho mwaka wa 1883.

Mwishowe wakatumia sheria. Katiba ya jimbo ya mwaka wa 1890 ilidai kodi ya dola 2 kwa mwaka kwa kila mpiga kura. Tena ilimtaka asome kifungu cha Katiba, au akieleze asomewapo, na karani ndiye aliyeamua kama amejibu vema. Tangu wakati huo Delta ilikuwa na watu weusi wengi kuliko weupe, lakini mjumbe wake alichaguliwa na weupe.

WAKULIMA WAJITOKEZA

Aprili 1963, wakulima weusi 14 wa Mileston, katika wilaya ya Holmes, walikwenda mjini Lexington kuomba kuandikishwa. Wengi wa wakulima wa Mileston walikuwa na mashamba yao wenyewe, waliyoyapata kwa mpango wa Serikali ya Rais Roosevelt. Kwa hiyo hapakuwa na tajiri wa kuwafukuza. Bibi Fannie Lou Hamer wa Ruleville hakuwa na kinga hiyo. Siku aliyokwenda kujiandikisha, mwezi wa Agosti 1962, alifukuzwa katika shamba alilofanya kazi miaka 18. Hata hivyo, mwaka wa 1964 aligombea kiti cha Sehemu ya Pili, ingawa hakushinda.

Sheria ya Haki za Kupiga Kura ilitiwa sahihi tarehe 6 Agosti, 1965. Kabla yake, walioandikishwa Mississippi hawakufika 7 katika kila watu weusi 100 waliostahili. Mwaka wa 1967 walikuwa karibu 60.

Lakini mwaka wa 1966 baraza la jimbo liliichora ramani upya. Delta, iliyokuwa pamoja kwa zaidi ya miaka 80, ilikatwa vipande kwa mistari ya kutoka magharibi kwenda mashariki. Kila kipande kiliunganishwa na wilaya zenye weupe wengi. Kura zilizopatikana kwa shida zikawa hazina uzito.

Kesi zilidumu miaka mingi. Mwaka wa 1982 mahakama iliirudisha Delta katika sehemu moja, na mwaka wa 1984 ikairekebisha mipaka yake tena. Robert Clark, mwalimu wa Holmes, alishindwa mara zote mbili. Katika mwaka wa 1986 Mike Espy wa Yazoo City alishinda, akawa mjumbe mweusi wa kwanza wa Mississippi tangu Lynch. Mwaka wa 1993 aliteuliwa kuwa Waziri wa Kilimo wa Marekani, na Bennie Thompson wa kijiji cha Bolton akachaguliwa mahali pake. Thompson alirudishwa katika kila uchaguzi uliofuata hadi ule wa 2024.

LINALOBAKI

Hesabu ya mwaka wa 2020 ilionyesha kwamba watu wa Sehemu ya Pili wamepungua sana, kwa sababu vijana huenda kutafuta kazi mbali. Ndiyo maana mpaka ulisogezwa kusini hata kuingiza Natchez, mji wa Lynch. Sehemu ikizidi kuwa ndefu, mkulima wa Tunica na mkazi wa Jackson hulazimika kusemewa na mjumbe mmoja, ingawa shida zao si zile zile.

Basi, haki ya kura ina nguzo mbili: mtu kuandikwa katika daftari, na kura yake kuhesabiwa pamoja na za wenzake wenye haja moja naye. Watu wa Delta waliipata ile ya kwanza mwaka wa 1965, wakaingoja ya pili miaka 21. Mwenye kutaka kujua kama ana sauti, na aitazame ramani pamoja na sheria.