KUCHAGUA PROGRAMU YA KUREKODI MUZIKI NYUMBANI

Wanafunzi wenzangu, siku hizi mtu akiwa na kompyuta na maikrofoni anaweza kurekodi muziki nyumbani. Lakini programu ni nyingi. Je, tuchague ipi?

Kwanza, tazama muziki wenyewe. FL Studio, iliyoanza mwaka wa 1997 kwa jina la FruityLoops, inapendwa sana na vijana kwa kutengeneza midundo. Lakini hapa Homa Bay tuna nyatiti. Babu yangu huipiga, na nyimbo zake hazijarekodiwa popote. Nyuzi zake ni 8, naye huenda kwa mwendo wake, hangoji mdundo wa mashine. Kwa muziki kama huo zinafaa Audacity au Reaper: unarekodi ala kwanza, halafu unaongeza waitikiaji juu yake.

Pili, tazama mfuko wako. Audacity, iliyotolewa mwaka wa 2000, ni ya bure kabisa. Reaper unaijaribu siku 60, kisha unalipa. FL Studio ya majaribio inakubali kuhifadhi kazi, lakini huwezi kuifungua tena mpaka ununue. Zile za wizi tuziepuke, kwani nyingi huja na virusi.

Tatu, kumbuka stima. Ikipotea ghafla, Audacity hujaribu kukurudishia kazi ukiifungua tena. Hata hivyo, hifadhi kila mara.

Kwa hivyo nashauri tuanze na Audacity. Tusikae tukingoja studio ya pesa nyingi huku wazee wetu wanazidi kuzeeka. Ngoja ngoja huumiza matumbo.